Kucha-ndefu wa Sharpe na kipimanjia kifua-njano: ndugu wawili wa nyasi za nchi ya juu

Kucha-ndefu wa Sharpe anaishi Kenya peke yake, na kipimanjia kifua-njano anaishi Afrika Kusini na Lesotho peke yake. Kutoka uwanda wa Kinangop, ngome kuu ya wa kwanza, hadi mji mdogo wa Wakkerstroom, ulio katikati ya maskani ya wa pili, ni umbali wa kilomita zipatazo 3,000. Hata hivyo ndege hawa ni ndugu wa karibu. Wote wawili wana tumbo la manjano, wote hutembea ardhini, wote hutaga mayai chini ndani ya nyasi, na wote hutaka nyasi za nchi ya juu yenye baridi, zile ambazo jembe halijawahi kuzigusa. Wote pia wamo katika Orodha Nyekundu ya viumbe walio mashakani inayotunzwa na IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa asili, ila si katika daraja moja: ndege wa Kenya ndiye aliye hatarini zaidi. Sababu ya tofauti hiyo haimo katika miili yao, na katika tabia zao imo kidogo sana. Kwa sehemu kubwa imo katika hati za ardhi.

Vipimanjia na kucha-ndefu wamo katika familia moja, Motacillidae, pamoja na wale ndege wembamba wanaotikisa mkia kandokando ya maji na kwenye nyua za nyumba. Jina la kipimanjia linaeleza tabia ambayo kila mchungaji ameiona: ndege hukimbia njiani mbele ya mtu, husimama, hugeuza kichwa, kisha hukimbia tena, kana kwamba anaipima njia kwa hatua zake. Kucha-ndefu naye ameitwa hivyo kwa ajili ya ukucha wa kidole cha nyuma, ambao urefu wake humwezesha kukanyaga juu ya nyasi zilizolala bila kuzama ndani yake.

Undugu wa hawa wawili ulichelewa kutambuliwa. Mjerumani Martin Lichtenstein wa makumbusho ya Berlin alimweleza kipimanjia kifua-njano kitaalamu mwaka 1842, akamweka katika jenasi ya Anthus, yaani ya vipimanjia wa kawaida. Mwaka 1904 Frederick Jackson, afisa wa serikali ya kikoloni ya Uingereza ambaye baadaye alikuwa gavana wa Uganda, alimweleza ndege wa Kenya. Jackson alimpa ndege huyo jina la Richard Bowdler Sharpe, mtaalamu wa ndege wa Makumbusho ya Uingereza, na kumweka katika jenasi ya Macronyx, ya kucha-ndefu. Hivyo ndugu wawili wakaandikwa katika nyumba mbili. Austin Roberts wa Afrika Kusini aliona mapema kwamba ndege wa kwao hakukaa sawasawa miongoni mwa vipimanjia, na mwaka 1922 akabuni jenasi ya Hemimacronyx, jina lenye maana ya nusu kucha-ndefu. Pendekezo hilo lilikaa kando kwa miongo mingi, hadi uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa katika jarida la Ibis mwaka 2019 ulipolifufua. Ulionyesha kuwa kipimanjia kifua-njano na kucha-ndefu wa Sharpe wanastahili kuwekwa pamoja chini ya jina hilo la Roberts. Baadhi ya orodha za kimataifa za ndege zimekwisha kulifuata. Nyingine zinaendelea na majina ya zamani, na msomaji atakayewatafuta vitabuni hana budi kutazama pande zote mbili.

Kwa macho tu mtu angeweza kukisia undugu huo. Kucha-ndefu wa Sharpe ni mdogo kuliko kucha-ndefu wengine wa Afrika Mashariki, urefu wake ni sentimita 16 au 17. Mgongo wake ni wa kahawia uliochanganyika na michirizi myeusi, mfano wa nyasi kavu zenye kivuli, na sehemu ya chini ni ya manjano kutoka kooni hadi tumboni. Hana ule mkufu mpana mweusi unaomtambulisha binamu yake koo-njano, ambaye ni wa kawaida katika nchi za chini zenye nyasi ndefu. Kifuani pake kuna michirizi myeusi tu. Kipimanjia kifua-njano ana kimo karibu kilekile na mgongo wa namna ileile, lakini manjano yake ni ya msimu. Wakati wa kuzaa, yaani majira ya joto ya kusini, koo na kifua hung'aa, na dume akiruka rangi hiyo huonekana hata chini ya mbawa zake. Majira ya baridi yakifika manjano hufifia na kuacha rangi ya mchanga. Ndege huyohuyo aliyeonekana Desemba huweza kupita machoni pa mtazamaji Julai asitambulike. Ndugu yake wa Kenya, anayeishi karibu na ikweta, hubaki wa manjano mwaka mzima.

Kumwona kucha-ndefu wa Sharpe kunahitaji subira. Alfajiri ya Kinangop, sakitu ikiwa bado nyeupe juu ya malisho, huwa hakuna kinachoonekana ila kondoo na vishungi vya nyasi ngumu vilivyosimama hapa na pale, kila kimoja kikubwa kuliko ndoo. Ndege yuko palepale. Hutembea kati ya vishungi akiokota panzi na mende, na mtu akikaribia hujibanza nyuma ya kimoja. Mtu asipogeuka, ndege hungoja hadi zibaki hatua chache, kisha huruka chini kwa chini, hutandaza mkia na kuonyesha nyeupe za pembeni, na kutua tena umbali mfupi. Sauti yake ni mluzi mwembamba wa juu ambao upepo wa uwanda ule huumeza kwa urahisi.

Vile vishungi vya nyasi ndiyo nyumba yake hasa. Utafiti wa Muchane Muchai, Luc Lens na Leon Bennun uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba ndege huyu hupendelea malisho yenye nyasi fupi zilizochanganyika na vishungi, na kwamba huyakwepa mashamba yaliyolimwa. Nyasi fupi humpa chakula, kwa sababu wadudu huonekana. Kishungi humpa maficho na mahali pa kujenga. Tago lake ni kikombe cha majani makavu kilichofumwa chini kabisa ya kishungi, ndani yake mayai mawili au matatu. Malisho yaliyokatwa vishungi vyote ili ng'ombe apate nyasi laini zaidi humwacha ndege akiwa na meza ya chakula na bila paa. Malisho yaliyoachwa bila mnyama yeyote, nyasi zikarefuka na kufungamana, humnyima chakula. Anahitaji vyote viwili mahali pamoja, na hiyo ni hali inayoletwa na mfugo kwa kiasi. Ng'ombe na kondoo wachache waliochungwa uwandani ni wenzi wake.

Kipimanjia kifua-njano naye hutaka nyasi zilizolishwa kwa kiasi, ila hapo tabia zao huanza kuachana. Yeye huzaa kwenye nyasi fupi zilizosongamana vizuri juu ya ardhi tambarare au yenye mwinuko mdogo, zaidi katika nyanda za juu za Mpumalanga, KwaZulu-Natal na Free State, karibu na Wakkerstroom, Memel na Dullstroom, na katika milima ya Drakensberg. Dume hupaa kidogo juu ya ardhi, hutetemesha mbawa na kumwaga wimbo wa vipande vifupi vinavyorudiwarudiwa. Nyasi zilizolishwa hadi mzizi, au kuchomwa moto kila mwaka, hazimfai kwa kuzaa. Baridi inapokuja wengi wao hushuka kwenda nchi za chini zaidi wakiwa katika makundi madogo, kisha hupanda tena msimu wa mvua. Kucha-ndefu wa Sharpe hahami. Akizaliwa kwenye malisho fulani ya Kinangop, maisha yake yote huwa hapo au jirani na hapo, na kipande cha nyasi kikitoweka hana desturi ya kwenda mbali kutafuta kingine.

Madaraja ya Orodha Nyekundu huwapotosha wengi wanaodhani ni hesabu ya vichwa tu. Kiumbe huingia daraja la walio hatarini kutoweka kwa njia kadhaa: idadi ya wakubwa wanaozaa ikiwa chini ya 2,500 na inapungua, au eneo analoishi likiwa chini ya kilomita za mraba 5,000, likiwa limekatikakatika na linaendelea kuharibika. Daraja linalotangulia hilo, la walio katika mashaka, lina vizingiti vilegevu zaidi: wakubwa 10,000 au kilomita za mraba 20,000. Kucha-ndefu wa Sharpe amewekwa katika daraja la hatari kwa kigezo cha eneo. Makazi yake ni madogo, yamepasuliwa vipande, na vipande hivyo vinazidi kupungua. Kipimanjia kifua-njano yuko katika daraja la mashaka kwa idadi yake ndogo inayozidi kushuka. Kwa hiyo mmoja anahesabiwa kwa ardhi na mwingine kwa vichwa, na kuwalinganisha kwa neno moja la daraja ni kulinganisha vitu viwili. Hata hivyo daraja halikukosea kuhusu mwelekeo, kwani Kinangop nyasi zinakwenda mbio zaidi kuliko Wakkerstroom.

Kinangop ni uwanda wa kaunti ya Nyandarua ulio kati ya mita 2,400 na 2,700 hivi kutoka usawa wa bahari, mashariki yake ikiwa milima ya Nyandarua, magharibi ukingo wa Bonde la Ufa. Udongo wake mzito hushika maji, na usiku wa sakitu huua miche ya miti. Kwa sababu hizo uwanda huo ni nchi ya nyasi kwa asili yake. Haukuwa msitu uliofyekwa. Wamaasai waliuchungia mifugo. Mwaka 1904, mwaka uleule Jackson alipochapisha maelezo ya ndege wake, mkataba wa serikali ya Uingereza na viongozi wa Wamaasai uliwaondoa Wamaasai katika sehemu hiyo ya Bonde la Ufa na kuwafungulia walowezi njia. Walowezi nao walifuga kondoo na ng'ombe katika mashamba makubwa. Yalikuwa mabadiliko makubwa na ya dhuluma kwa watu, lakini kwa ndege yalikuwa madogo: kwato zilibaki kwato, na nyasi zilibaki nyasi.

Mabadiliko yaliyomgusa ndege yalianza na uhuru. Chini ya mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mapema katika miaka ya 1960, mashamba ya walowezi yalinunuliwa na kugawiwa familia za Wakenya, wengi wao Wakikuyu waliokuwa hawana ardhi. Ilikuwa haki iliyocheleweshwa, na hakuna hoja ya uhifadhi inayoweza kuipinga. Ila ardhi iliyogawiwa mara moja iliendelea kugawika. Mzee aliyepata ekari 30 akiwagawia wana watano, kila mmoja hupata sita, na wajukuu hupata mbili au moja. Mwenye ekari 30 aliweza kufuga na kuacha nyasi. Mwenye ekari mbili hana nafasi hiyo. Viazi huwa tayari katika miezi michache, kabichi nazo hivyohivyo, na karo ya shule haingoji. Trekta likipita mara moja, vishungi vilivyochukua miaka mingi kukua huisha kwa asubuhi moja, na havirudi shamba linapopumzishwa.

Kuna jambo jingine linalouma zaidi. Mkulima na ndege hufuata mvua zilezile. Kucha-ndefu hujenga mvua za masika zinapoanza, na tena mwishoni mwa mwaka, kwa sababu wakati huo wadudu ni wengi. Mkulima naye hulima wakati huohuo. Tago lenye makinda mawili chini ya kishungi halina kinga yoyote mbele ya jembe, na wazazi huanza upya kwenye kipande kilichobaki, ambacho tayari kina wenyewe.

Hata ng'ombe wa maziwa, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyezilinda nyasi bila kujua, anabadilika. Mwenye shamba dogo humfungia bandani na kumkatia majani ya kupandwa, kwa kuwa hutoa maziwa mengi zaidi kwa ekari. Kwa mfugaji ni hesabu sahihi, lakini malisho ya wazi hugeuka shamba la majani, na ndege hupoteza hata yule rafiki wa zamani. Nje ya Kinangop hali ni hiyohiyo au mbaya zaidi. Katika nyanda za Molo na Mau Narok nyasi nyingi zimekwisha kuwa ngano, viazi na pareto. Uasin Gishu ya kaskazini, miteremko ya Mlima Kenya na Mlima Elgon zina vikundi vya ndege hawa, baadhi yao wakifika hadi mita 3,400, lakini vimetengana na kila kimoja kinasimama peke yake.

Afrika Kusini adui wa kwanza alikuwa mti. Kampuni za mbao zilipanda misonobari na mikaratusi juu ya nyasi za Mpumalanga na KwaZulu-Natal kwa maelfu ya hekta, kwa kuwa mvua huko ni nyingi na ardhi ilikuwa ya wazi. Chini ya misonobari hakuna kipimanjia. Kilichopunguza mwendo huo hakikuwa sheria ya ndege, kilikuwa sheria ya maji. Sheria ya Taifa ya Maji ya mwaka 1998 iliyaweka mashamba ya miti ya biashara katika kundi la shughuli zinazopunguza maji ya mito, na kuyataka yaombe leseni. Nchi yenye uhaba wa maji ilitambua kwamba mkaratusi ni mnywaji mkubwa, na ndege akanufaika na hesabu ambayo haikumtaja.

Adui wa pili ni makaa ya mawe, ambayo yako chini ya nyasi hizohizo. Kisa cha Mabola, karibu na Wakkerstroom, kinafaa kutazamwa kwa utulivu. Mwaka 2014 eneo hilo lilitangazwa kuwa mazingira yaliyohifadhiwa, kwa ridhaa ya wenye mashamba, kwa kuwa ni chanzo cha mito kadhaa na makao ya ndege wa nyasi. Kampuni ya Atha-Africa ilitaka kuchimba makaa chini yake, na mawaziri wawili wakaipa kibali. Mashirika ya kiraia yakaenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Pretoria ikafuta kibali hicho. Mapema mwaka 2021 mkuu wa mazingira wa jimbo la Mpumalanga akaondoa hifadhi juu ya sehemu ya ardhi hiyo, na vita ikarudi mahakamani. Hifadhi ya kwenye karatasi inaweza kufutwa kwa karatasi. Lakini bila ile karatasi ya kwanza kusingekuwa na kesi yoyote ya kupeleka mbele ya jaji.

Mfano wa upande wa pili ni Ingula, kwenye ukingo wa juu wa mpaka wa Free State na KwaZulu-Natal. Shirika la umeme la Eskom lilijenga pale kituo cha megawati 1,332 kinachopandisha maji mlimani wakati umeme ni mwingi na kuyashusha wakati unahitajika. Kwa kuwa mradi ungegusa ardhi oevu na nyasi zenye ndege adimu, Eskom ilifanya kazi pamoja na mashirika ya uhifadhi ya BirdLife South Africa na Middelpunt Wetland Trust. Ardhi iliyozunguka mabwawa, zaidi ya hekta 8,000, ikatangazwa hifadhi ya asili mwaka 2018 na kuingizwa katika orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2021. Kipimanjia kifua-njano anazaa humo. Ujenzi ule uliharibu kipande cha nyasi, hilo halifichiki, lakini ulilipa deni lake kwa ardhi, na malipo ya namna hiyo ni machache mno barani.

Hapo ndipo tofauti ya ndugu hawa wawili inapokaa. Sheria ya Maeneo Yaliyohifadhiwa ya Afrika Kusini, namba 57 ya mwaka 2003, inamruhusu mwenye shamba abaki na hati yake, aendelee kufuga, na wakati huohuo ardhi yake itangazwe kuwa imehifadhiwa. Majirani wachache wakikubaliana, maelfu ya hekta huungana chini ya mpango mmoja wa malisho na moto. Kinangop hekta elfu moja huweza kuwa na mamia ya wenye ardhi, na kila mmoja ana deni lake, watoto wake na bei yake ya viazi. Kumwambia mkulima wa ekari mbili aache moja kwa ajili ya ndege ni kumtaka atoe nusu ya mali yake. Mfugaji wa Wakkerstroom anayepunguza idadi ya ng'ombe hupoteza faida. Mkulima wa Kinangop hupoteza chakula. Ikumbukwe pia kwamba ardhi ya Afrika Kusini ni kubwa mikononi mwa wachache kwa sababu ya historia ya unyang'anyi, kwa hiyo usalama huu wa kipimanjia una mizizi ambayo hakuna Mkenya angependa kuipanda kwake. Lesotho, ambako milima huchungwa kwa pamoja na nyasi zimeliwa mno, mbinu ya hati binafsi haisaidii hata kidogo.

Kinangop haikukaa bure. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakazi wenyewe waliunda chama cha Marafiki wa Uwanda wa Kinangop, wakishirikiana na Nature Kenya, jumuiya ambayo asili yake ni chama cha historia ya viumbe kilichoanzishwa mwaka 1909. Vipande kadhaa vya nyasi vimenunuliwa ili vibaki nyasi. Ni vidogo, lakini ndege huzaa ndani yake na wanafunzi hufundishwa humo. Wazo lililo bora zaidi kati ya yote lilitoka Njabini: kondoo. Mafundi wa sufu wa Njabini huchambua, husokota na kufuma sufu ya kondoo waliochungwa uwandani, na kutengeneza mazulia na mapambo ya kuuza. Kondoo mwenye thamani huhitaji malisho, na malisho hubakiza vishungi. Wazo hili linaufuata uchumi wa mfugaji mahali ulipo badala ya kumhubiria. Udhaifu wake ni ukubwa wa soko, kwani zulia moja lililouzwa haliwezi kushindana na gunia la viazi mwaka ambao viazi vina bei.

Hatari inayokuja kwa kasi ni ileile iliyompiga kipimanjia karne iliyopita, nayo ni mti. Kenya imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na mikaratusi tayari imezunguka mashamba mengi ya Kinangop kwa ajili ya nguzo, kuni na mbao. Kupanda miti ni kazi njema mahali palipokuwa msitu. Juu ya nyasi za asili ni kulima kwa jina lingine. Miti hukausha udongo, humpa kunguru na mwewe mahali pa kutazamia matago, na huigawa nchi ya wazi ambayo ndege huyu hawezi kuishi bila hiyo. Uwanda huu ni mlinzi wa maji pia: bwawa la Sasumua, lililo karibu na Njabini, hulisha mabomba ya Nairobi, na mto Malewa hupeleka maji Ziwa Naivasha. Afrika Kusini ilijifunza mwaka 1998 kuuhesabu mti kwa lita za maji unazokunywa. Kenya ina sababu zote za kufanya hesabu hiyo Kinangop kabla miche haijatua.

Joto la dunia halitabadilisha mpangilio huu, litaukaza. Kipimanjia kifua-njano, aliyezoea kupanda na kushuka na misimu, ana walau milima mirefu ya Drakensberg juu yake. Kucha-ndefu wa Kinangop akisukumwa juu atakutana na msitu wa Nyandarua, na nyasi za kilele ziko ng'ambo ya msitu huo. Kwake hakuna ngazi. Kinga pekee ni wingi wa nyasi pale alipo.

Chombo cha kisheria cha kuzilinda nyasi hizo Kenya inacho. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 inaruhusu ardhi ya mtu binafsi kuwekewa sharti la kimazingira kwa fidia, hati ikibaki mikononi mwa mwenyewe, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua hifadhi za watu binafsi na za jamii. Kinachohitajika ni fedha ya kuyapa masharti hayo maana: malipo ya kila mwaka kwa ekari ya nyasi iliyoachwa na vishungi vyake, yakitoka kwa wanaokunywa maji ya Sasumua na Malewa, wakazi wa Nairobi na mashamba ya maua ya Naivasha. Si sadaka kwa ndege. Ni ada ya maji ambayo mpaka sasa mkulima wa Kinangop amekuwa akiilipa peke yake. Wakati ada hiyo ikingojewa, ombi kwa mwenye malisho ni dogo: trekta linapoingia na mvua za masika, kona yenye vishungi iachwe hadi makinda yaruke, na mikaratusi ipandwe mpakani, isipandwe katikati ya uwanda.